Kabla hujanunua trekta kuukuu, tazama miguu ya mbele

MSOMAJI mpendwa, kama umelelewa Trans Nzoia kama mimi, basi unajua kwamba katika boma la mkulima wa mahindi huwa kuna watoto wa aina mbili. Kuna wale waliozaliwa na mama, na kuna yule aliyenunuliwa akapewa mahali pa kulala chini ya mabati, karibu na ghala. Huyu wa pili hula dizeli, hunywa oili, na akiugua mwezi wa Machi nyumba nzima hukosa usingizi.

Kwetu walikuwa wawili. Wa kwanza ni Ford 6610 ya rangi ya buluu, iliyoundwa mwaka wa 1989. Wa pili ni Massey Ferguson 390 nyekundu, ya mwaka wa 1992. Yote mawili ni ya aina ambayo wakulima wa kwetu huiita “foo-wili”, yaani yanavuta kwa magurudumu yote manne. Marehemu baba aliyanunua yakiwa tayari yameshatumika, moja baada ya jingine, kwa pesa za mahindi na za kuwalimia majirani. Ekari zetu 30 zilimlisha, lakini karo yetu ililipwa na mashamba ya watu.

Baba alituacha Agosti 2016. Alituachia pia bili ya hospitali iliyokuwa haijamalizika, na dada yetu kitinda mimba aliyekuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi. Baada ya siku arobaini Mama alituita mimi na kaka yangu mkubwa, akatuwekea chai mezani, na kusema maneno machache tu.

“Wanangu, trekta moja litauzwa. Semeni ni lipi.”

Hapo ndipo vita vilipoanza. Kaka, ambaye alikuwa akiyaendesha yote mawili na kuishi kwa kulimia watu, alitaka Ford ibaki. Mimi, niliyekuwa nikija nyumbani mara tatu kwa mwaka na kurudi Nairobi na gunia la mahindi mabichi, nilitaka Massey ibaki. Nilikuwa na sababu zangu, na nilizisema kwa sauti ya mtu aliyesoma. Ford inakula dizeli. Ford imedhoofika. Ford iliwahi kukatika shafti ya mbele msimu wa kupanda. Kwa nini tubaki na mgonjwa na tuuze mzima?

Ndugu msomaji, nakueleza haya kwa sababu huenda nawe umesimama mahali kama hapo, umeshika pesa za marehemu au mkopo wa chama cha ushirika, na mbele yako pana matrekta mawili kuukuu, kila moja na sifa zake. Acha nikusimulie tulivyoamua, na aibu niliyoipata.

Ndugu wa tumbo moja

Kwanza ujue kwamba Ford na Massey, ambazo wakulima hubishania sokoni kama mashabiki wa kandanda, zina babu mmoja. Jina lake ni Harry Ferguson, mzaliwa wa sehemu ambayo leo ni Ireland ya Kaskazini. Huyu ndiye aliyebuni mpango wa kuunganisha plau na trekta kwa mikono mitatu inayoinuliwa kwa nguvu ya oili. Kabla ya hapo plau iliburutwa nyuma kama mkokoteni. Kwa mpango wake plau na trekta vilikuwa kitu kimoja, na uzito wa plau ukaanza kuyakandamiza magurudumu ya nyuma yasiteleze.

Mwaka wa 1938 Ferguson alivuka bahari akamwonyesha Henry Ford mashine yake. Walikubaliana kwa kupeana mkono tu, pasipo kuandikiana. Mwaka uliofuata, 1939, trekta lao la kwanza lilitoka. Lakini mzee Ford alipouachia ukoo wake usukani, mapatano yale yalivunjika. Ferguson alikwenda mahakamani, na mwaka wa 1952 kesi iliisha kwa yeye kulipwa dola milioni 9.25. Mwaka wa 1953 aliunganisha kampuni yake na Massey-Harris ya Kanada, na ndiko lilikotoka jina Massey Ferguson.

Kwa hivyo unapoona trekta la buluu na jekundu yakiinua plau kwa mtindo ule ule, jua ni ndugu waliogombana wakagawana mali. Hata Ford yenyewe haikubaki peke yake, kwa kuwa mwaka wa 1991 Fiat ya Italia ilichukua biashara yake ya matrekta.

Daftari la Mama

Mama hakutuacha tubishane kwa maneno. Aliingia chumbani akatoka na daftari la kurasa 200, lile la jalada gumu. Tangu siku ambayo Ford ililetwa nyumbani, kila jioni alikuwa akimwuliza baba maswali matatu: Mmelima ekari ngapi? Mmetia dizeli lita ngapi? Ni nini kimeharibika? Majibu aliyaandika kwa kalamu ya risasi. Sisi watoto tulidhani ni ulezi wa kumchunga mume asinywe pesa za dizeli. Kumbe alikuwa akiandika historia.

Tulikaa na daftari lile hadi taa ilipoishiwa na chaji. Nakupa hesabu yake kwa ufupi. Katika shamba letu, kwa plau ile ile ya diski tatu, kulivunja shamba mara ya kwanza baada ya mavuno kulikula wastani wa lita 9 za dizeli kwa ekari kwa Ford, na lita 8 kwa Massey. Ford ilimaliza ekari zaidi kwa siku. Massey ilipendwa zaidi wakati wa haro, wakati wa mashine ya kupandia, na wakati wa kuvuta trela la mahindi, kwa sababu ni nyepesi, hukata kona mahali padogo, na spea zake zilipatikana hata katika maduka madogo ya mjini. Ford, yenye injini ya silinda nne ya lita 4.4 na mwili mzito zaidi, ndiyo iliyopelekwa upande wa bondeni ambako udongo ni mfinyanzi, na ndiyo iliyoitwa na majirani shamba lilipokuwa gumu.

Hayo yote yalikuwa kweli hadi mwisho wa mwaka wa 2013. Kuanzia 2014, Ford ilibadilika. Lita 9 zikawa 11. Ekari za siku zikapungua. Aprili 2014 kuna mstari mmoja mfupi: “Shafti ya mbele imekatika. Siku nane bila kazi.” Siku nane, msomaji, wakati mvua ya masika imeanza na watu wanapanga foleni kulimiwa!

“Mnaona?” nikasema kwa ushindi. “Uzee umeingia. Iuzwe.”

Kaka alinyamaza. Mama pia alinyamaza, lakini alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa usiku ule.

Chaki na raundi kumi

Kaka aliomba jambo moja: tuyapime shambani kabla ya kuamua. Februari 2017 tulimwita fundi wetu, mtu mzima aliyeyajua matrekta yote mawili kama mganga ajuavyo watoto wa kijiji. Akatufundisha kipimo ambacho hata wewe waweza kukifanya bila mashine yoyote.

Chora alama ya chaki kwenye tairi la nyuma. Shusha plau, lima, na uhesabu raundi 10 za tairi lile. Weka kigingi ulipoanzia na kingine ulipoishia. Kisha rudi uipite njia ile ile, plau ikiwa juu, na uhesabu tena. Trekta lisiloteleza sana litahitaji raundi kama 9. Likihitaji raundi 8 tu, maana yake ni kwamba katika kila raundi 10 ulizolipia dizeli, mbili zilikuwa za kukwangua udongo na kulamba raba ya tairi. Mafundi husema shambani ni vizuri mtelezo usipite asilimia 15 hivi.

Massey, ikivuta kwa miguu yote minne, ilipata raundi 8 na nusu na zaidi kidogo. Ford ikapata 8 kamili. Nilikaribia kupiga makofi. Lakini kaka akasema, “Fundi, hii haijafunga miguu ya mbele. Baba alinikataza kuifunga ila nikikwama matopeni.”

Alikukataza kwa nini? Sikuwahi kulisikia jambo hilo. Fundi alichuchumaa kando ya gurudumu la mbele, akapangusa tope kwa kiganja, akasoma namba iliyo ubavuni mwa tairi. Hakusema neno. Akainua macho akamtazama Mama, aliyekuwa amesimama na leso yake kiunoni.

“Mwambie,” Mama akasema. “Aliyekukataza hayupo tena.”

Zawadi kutoka Nairobi

Desemba 2013 ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kupokea mshahara. Nilikuwa nimetoka chuoni na diploma yangu ya uandishi wa habari, nikapata kazi, na nikaapa kwamba Krismasi ile sitakwenda nyumbani na mkate na sukari kama wengine. Matairi ya mbele ya Ford yalikuwa yamekwisha meno. Nilijinyima miezi mitatu, nikaingia duka la matairi, na mwenye duka akaniuliza swali la haki kabisa: “Unataka ya namba gani?” Sikujua. Sikutaka kupiga simu nyumbani kwa sababu ilikuwa zawadi ya kushtukiza. Nikaona jozi moja ya matairi ya trekta, mapya, bei ikiwa chini kidogo ya mengine, nikasema, “Hayo hayo.”

Yalikuwa 12.4-24. Ford yetu ilikuwa ikivaa 13.6-24. Tundu la katikati ni moja, ringi iliyapokea, na kwa macho yangu yalikuwa matairi tu. Tofauti ya kimo chake ni kama sentimita 5. Baba aliyapokea kwa mikono miwili mbele ya majirani, akaniombea baraka, na kesho yake yakafungwa.

Sasa sikiliza jambo ambalo kila mnunuzi wa foo-wili kuukuu yafaa alijue. Katika matrekta kama haya, magurudumu ya mbele ni madogo kuliko ya nyuma, kwa hivyo gia za ndani hupangwa ili ya mbele yazunguke mara nyingi zaidi. Tena hupangwa yawe na haraka kidogo tu kuliko ya nyuma, asilimia chache, ili mguu wa mbele uvute badala ya kusukumwa. Hesabu hiyo imefungwa ndani ya chuma na wewe huwezi kuibadilisha. Inategemea kimo cha matairi. Ukiweka matairi mafupi mbele, raundi ni zile zile lakini hatua inakuwa fupi. Mguu wa mbele unachelewa, wa nyuma unausukuma, na vyuma vilivyo kati yao vinapigana. Katika tope laini tairi huteleza kidogo na ugomvi ukaisha. Katika udongo mkavu au barabarani hakuna pa kuteleza, na ugomvi huishia kwenye shafti, kwenye viungo vyake, au kwenye meno ya gia.

Hivyo ndivyo shafti ilivyokatika Aprili 2014. Haikuwa uzee. Ilikuwa zawadi yangu.

Fundi aliligundua siku ile ile aliyoitengeneza. Alimwambia baba atoe matairi yale au asifunge tena miguu ya mbele. Baba akachagua la pili. Mama ndiye aliyenieleza sababu, pale pale shambani, huku akilikunjua na kulikunja daftari lake.

“Alisema, kijana amekula sukuma wiki miezi mitatu ili anunue matairi hayo. Akija akute nimeyatoa, atajiona mjinga mbele ya watu. Acha yakae.”

Kwa miaka miwili na zaidi baba alilima na trekta la miguu minne kana kwamba lina miwili, akalipa lita mbili zaidi kwa kila ekari, na akakubali majirani waseme Ford yake imechoka. Nami nilikuwa nimeketi kwenye meza yake nikilitolea hukumu kwa ugonjwa nilioupeleka mwenyewe. Sikuwa na la kusema, msomaji. Nilikwenda nyuma ya ghala nikasimama huko hadi aibu ilipopungua.

Tulivyoamua

Kulikuwa na broka aliyekuwa tayari na mnunuzi wa Ford. Alitushauri tusiseme lolote kuhusu miguu ya mbele. “Mnunuzi atajaribu injini, ataona moshi ni safi, atalipa,” alisema. Mama alimkaribisha chai, kisha akamwambia kwamba katika boma lile hakuna mtu atakayeuziwa siri.

Tuliuza Massey. Ilikuwa nzima, ikapata bei nzuri, na aliyeinunua, mkulima wa ekari 20 asiyelimia watu, alipata trekta linalomtosha kabisa: jepesi, halili sana, na spea ziko karibu. Kwa pesa zile bili ya hospitali ilimalizika, dada akaingia chuoni, na zilizobaki zikanunua matairi mawili ya 13.6-24. Hayo nilipiga simu kwanza. Kaka alinisomea namba mara mbili.

Fundi alifungua mbele, akabadilisha beringi na sili, akatia oili mpya katika difu na katika habu zote mbili. Tulirudia chaki. Ford ikapata raundi 9. Msimu ule daftari la Mama likaandika tena lita 9 kwa ekari. Hadi leo Ford ile ndiyo inayomlisha kaka na watoto wake.

Ukienda kununua

Je, ipi ni bora? Ukiniuliza leo, nitakuuliza wewe kwanza. Ukiwa na shamba lako tu la kadiri, udongo mwepesi, na kazi nyingi za haro, kupanda na trela, trekta la aina ya 390 litakufaa. Ukiwa unalimia watu katika udongo mzito, uzito na kifua cha 6610 vitakurudishia pesa yako. Ukiwa na mamia ya ekari, kuna lile Fiat 110-90 DT, la silinda sita na nguvu za farasi 110, kama namba yake ya kwanza inavyosema. DT ni maneno ya Kiitaliano yanayomaanisha mvuto maradufu. Jirani yetu mmoja analo, na plau ambayo kwetu ni mzigo kwake ni mchezo. Lakini kulipeleka shamba la ekari 10 ni sawa na kununua basi ili upeleke mtoto mmoja shule.

Lolote utakalochagua, usianze na injini. Injini kila mtu huitazama. Anza na miguu ya mbele. Soma namba za matairi yote manne, kisha muulize fundi anayeijua aina hiyo kama ndizo zinazotakiwa. Inua mbele kwa jeki, shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, beringi au pini za pale zimekwisha. Fungua kifuniko cha oili ya habu na ya difu ya mbele. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Ikimetameta kama mchanga wa mtoni, hicho ni chuma kinacholiwa. Funga miguu ya mbele kwenye udongo laini, zungusha usukani polepole, na usikilize kama kuna mgongano. Na ukishalinunua, ukitoka shambani kuingia barabara ngumu, fungua miguu ya mbele. Lami haisamehe.

Mwisho, uliza kama mwenye trekta ana daftari. Wengi hawana. Ukimpata aliye nalo, hata kama trekta lake limepauka rangi, keti naye unywe chai na usome.

Na wewe kijana uliye mjini, unayetaka kumpelekea mzazi zawadi ya shambani, nia yako ni njema na Mungu akuzidishie. Ila piga simu kwanza uulize namba. Mzazi anaweza kuibeba gharama ya kosa lako miaka mingi bila kukwambia, na siku utakapojua, huenda asiwepo wa kumwomba radhi.